Kiboko Alivyonunua Jina la Uwanja

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Ije na nini?

Ije na mpira!

Nitie chumvi, nisitie?

Tia, maji ya kunywa tunayo!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye jezi, kaa chini, unawaziba wenzako. Na wewe unayetafuna miwa, tafuna polepole, nataka nisikie sauti yangu mwenyewe.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kucheza mpira, palikuwa na bonde lililojaa vichuguu. Kichuguu hapa, kichuguu pale. Ukitaka kukimbia unajikwaa, ukitaka kulala unaumwa na mchwa. Wanyama wa bonde hilo walikuwa wadogo wadogo, wasio na makuu: nguchiro, ngiri, nungunungu, digidigi, kanga. Walikuwa na timu yao, Timu ya Vumbi, lakini uwanja hawakuwa nao.

Basi alikuwapo Mhanga, yule mwenye pua ndefu na kucha kama jembe. Mhanga akaanza kubomoa vichuguu. Akabomoa masika, akabomoa kiangazi, akabomoa vuli. Hakutumwa na mtu. Anakula mchwa wake, anasawazisha udongo, anakwenda kwenye kichuguu kingine. Na mashimo aliyochimba pembeni mwa bonde ili alale, akihama anawaachia wenzake. Ngiri akalala humo. Nungunungu akalala humo. Nguchiro yeye alizaliwa humo.

Huyu Nguchiro mshikeni vizuri, maana hadithi hii ni yake. Mwaka wa moto mkubwa, mama yake alikimbia akiwa mjamzito, nyasi zinawaka nyuma yake, na jamaa zake wote wako naye. Akafika kwenye shimo la Mhanga, pumzi hana.

"Hodi!"

"Karibu," akasema Mhanga.

"Hodi, tuko wengi!"

"Karibuni nyote."

"Hodi, na moto unatufuata!"

"Basi mnangoja nini hapo nje? Ingieni!"

Wakaingia, wakapona, na asubuhi yake Nguchiro akazaliwa humo humo shimoni. Mama yake alimsimulia kisa hicho utoto wake wote, mpaka akakijua kwa ghaibu.

Mhanga akavimaliza vichuguu vyote, akazeeka, akafa. Wanyama wakatazama, wakaona bonde limekuwa tambarare. Wakachora mistari, wakasimamisha magoli, wakasema uwanja huu utaitwa Kwa Mhanga. Mwenyewe hakuomba. Alikuwa ameshakufa, angeomba vipi?

Na wakaweka desturi. Timu ngeni ikija haivamii uwanja kama inaingia shamba la bibi. Nahodha wake anasimama kwenye mstari wa pembeni, anabisha hodi kwa jina la mwenye mahali, na mashabiki wenyeji wanaitika. Aliyewaongoza kuitika alikuwa Nguchiro. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini koo lake lilikuwa tarumbeta.

"Hodi kwa Mhanga!"

"Karibuni, ingieni!"

"Tumekuja na mpira!"

"Wekeni chini tuuone!"

Hapo ndipo refa Korongo anapopuliza kipenga. Kabla ya hapo hapulizi. Na mnajua wenyewe, mgeni akibisha hodi mara tatu asiitikiwe, hugeuka akarudi kwao. Hagombani na mtu, hachungulii dirishani. Anarudi. Sisi tumelelewa hivyo, na wanyama wale walilelewa hivyo hivyo.

Sasa, mtoni alikuwa akiishi Kiboko. Tajiri! Malisho yote ya ukingoni yake, matope yote mazuri yake, vivuko vyote vyake. Kiboko alikuwa na kila kitu, ila alikuwa na kidonda kimoja rohoni: akipita bondeni, anasikia watu wanashangilia, na jina wanalolitaja si lake.

Kiboko akaja mara ya kwanza. Akaleta nyavu za magoli, mpya, nyeupe.

"Tukupe nini, Mzee?" wakauliza wanyama.

"Sitaki kitu," akasema Kiboko. "Mimi shabiki tu kama nyinyi."

Kiboko akaja mara ya pili. Akaleta jezi. Kila jezi ina picha ya Kiboko kifuani, mdomo wazi, meno nje.

"Tukupe nini, Mzee?"

"Sitaki kitu. Mimi shabiki tu."

Kiboko akaja mara ya tatu. Akaleta mafundi, wakajenga jukwaa lenye paa. Akaleta na viatu vya njumu, viatu vinne kwa kila mchezaji, maana wachezaji wale mnajua wana miguu mingapi. Wanyama wakaruka kwa furaha.

"Sasa tukupe nini, Mzee?"

Kiboko akacheka, akawakumbatia kwa macho yake madogo. "Kitu kidogo tu, wanangu. Hata hakina uzito. Jina. Kuanzia mechi ijayo, hapa si Kwa Mhanga tena. Hapa ni Kwa Kiboko."

Eee! Bonde likachafuka. Siku hiyo hakuna aliyekwenda malishoni. Wote walikaa uwanjani wakibishana, povu likiwatoka.

Mwenyekiti wa timu, Ngiri, ndiye aliyeanza. "Jamani, tusidanganyane. Mvua ikinyesha mnakaa wapi? Mnalowa. Jua likiwaka mnakaa wapi? Mnaungua. Leo tumepata paa, mnaleta maneno. Jina ni upepo tu. Mhanga hayupo, hatasikia, hatanuna."

"Nitanuna mimi!" akafoka Nungunungu, miiba yote imesimama, na waliokaa karibu naye wakahama.

Akasimama Digidigi, nahodha wa Timu ya Vumbi, mfungaji wao hodari. Akainua kwato yake, iliyopasuka. "Dada Nguchiro," akasema, "nakuheshimu. Lakini mimi ndiye ninayekanyaga miiba, wewe unaimba tu pembeni. Msimu uliopita nilicheza nachechemea mpaka mwisho. Leo nimepata viatu. Unataka nivivue kwa ajili ya marehemu?"

Wote wakamtazama Nguchiro.

Neno lile lilimchoma. Digidigi hakusema uongo, na yeye Nguchiro ndiye aliyemkamua miiba ile msimu mzima. Akasimama, akatafuta la kusema, akalipata.

"Nahodha, viatu ni haki yako, na aliyekupa Mungu ambariki. Lakini angekupa viatu tu, ningemwimbia mimi mwenyewe mpaka jua lizame. Mbona amekupa mguuni, anataka kutunyang'anya mdomoni? Mhanga alitupa uwanja mzima, hakutuomba hata asante. Huyu ametupa kivuli, anataka tumsahau aliyetupa ardhi ya kukalia!"

Kisha akamgeukia Ngiri. "Na wewe, Mwenyekiti, jana umelala wapi?"

"Nimelala kwangu."

"Kwako alichimba nani?"

Ngiri akakohoa.

"Nauliza, alichimba nani?"

"Alichimba… alichimba marehemu."

"Basi leo ukirudi, kabla hujaingia, bisha hodi kwa Kiboko tuone utaitikiwa na nani!"

Uwanja ukaangua kicheko. Ngiri akaona aibu, na aibu yake ikageuka hasira, kama inavyokuwaga kwa wenyeviti. Akagonga kwato. "Kamati imeshakubali! Kamati ndiyo mimi! Kikao kimefungwa!"

Na kikao kikafungwa. Mnacheka? Mnadhani kamati za namna hiyo zilikufa na Mhanga?

Sasa Kiboko hakuwa mjinga. Alijua kwamba wageni watabisha, na wenyeji lazima waitike, na mwenye kuongoza kuitika ni Nguchiro. Akamwendea.

"Mwanangu Nguchiro," akasema, "nitakupa kiti cha mbele kabisa, chini ya paa, karibu na mimi."

"Nashukuru, Mzee. Nimezoea kusimama."

"Nitakupa mayai. Kila siku mayai, ya kanga, ya kwale, uchague mwenyewe."

Hapo mate yakamjaa Nguchiro mdomoni. Nguchiro na mayai, nani asiyejua? Akameza mate. "Nashukuru, Mzee. Nimeshiba."

Kiboko akakunja uso. "Basi sikiliza. Usipotaka kuliitikia jina langu, hutaingia uwanjani tena. Utasikilizia mpira huko nje, na nafasi yako nitampa Kasuku. Kasuku hana kiburi. Ukimwambia sema, anasema."

Nguchiro aliumia. Nasema kweli, aliumia. Kitu kile ndicho pekee alichokuwa nacho duniani. Hakuwa na mali, hakuwa na nguvu, mpira kuucheza hajui. Alikuwa na sauti tu, na kwa sauti hiyo alikuwa akimlipa mtu aliyemfungulia mama yake mlango. Machozi yakamlenga, akayazuia.

"Mpe Kasuku," akasema. "Koo ni langu."

Kiboko akaenda zake. Nguchiro naye akaanza kuzunguka bondeni, shimo kwa shimo, anabisha hodi, anakaribishwa, anaingia.

"Tuwazomee Kiboko na Ngiri?" akauliza Kanga.

"Hapana."

"Niwachome miiba?" akauliza Nungunungu, na moyo wake wote ulikuwa hapo.

"Hapana, ndugu yangu."

"Basi tufanye nini?"

"Mtu akija mlangoni kwako akabisha hodi kwa jina usilolijua, unaitika?"

"Siitiki. Hapo si kwangu anapopataka."

"Basi hivyo hivyo," akasema Nguchiro, akaaga, akaenda shimo la pili.

Siku ya mechi ikafika. Kiboko amevaa kofia. Amealika wakubwa wenzake kutoka mbali, Tembo, Kifaru na Nyati, wamekaa chini ya paa, viti vinalia. Ubao umepakwa rangi: UWANJA WA KIBOKO. Kasuku amesimama juu ya ubao, amefundishwa tangu juzi: "Karibuni kwa Kiboko! Karibuni kwa Kiboko!" Na bonde zima limekuja, wamejaa pomoni, hata pa kuweka mguu hapana.

Nguchiro alizuiwa mlangoni. Akapanda ukingoni mwa bonde, nje ya uwanja, mahali anapoweza kuona, akakaa.

Wageni wakaja. Walikuwa Timu ya Majabali, na nahodha wao alikuwa Nyani, mtu mzima mwenye adabu zake. Walikuwa wameambiwa jina limebadilika. Nyani akasimama kwenye mstari wa pembeni, timu yake nyuma yake.

"Hodi kwa Kiboko!"

Kimya.

Si kimya cha mchana wa jua kali, maana hicho kina nzi. Hiki hata nzi walitulia. Kule ukingoni koo lilimwasha Nguchiro, maana maisha yake yote hajawahi kusikia hodi akanyamaza. Akauma ulimi.

Kiboko akatabasamu kwa wageni wake. "Hawajasikia. Rudia, nahodha."

"Hodi kwa Kiboko!"

Kimya.

Ngiri akapiga makofi, akawaonyesha watu kwa mikono kwamba waitike. Watu wakamtazama Ngiri. Kiboko akamnong'oneza Kasuku, "Sema! Sema!" Lakini Kasuku, jamani, husema alichosikia mwisho. Na bonde zima likiwa limenyamaza, alichosikia mwisho ni kipi? Akajivuta, akapanua kifua, akapaza sauti:

"Hodi kwa Kiboko!"

Nyani akashangaa. "Mbona hodi inajibiwa kwa hodi? Na huyo naye ni mgeni?"

Tembo akaficha kicheko ndani ya mkonga. Kiboko akasimama, jasho jekundu linamtoka. Akamwona Digidigi kati ya uwanja, na viatu vyake vipya vinang'aa. "Nahodha!" akaita. "Wewe umekula changu! Waambie waitike!"

Digidigi akamtazama Kiboko. Akatazama viatu. Akainama. Akavua cha kwanza. Akavua cha pili. Akavua cha tatu, na cha nne. Akavipanga kwenye mstari, kwa adabu, kama vinavyopangwa mlangoni. Akasimama pekupeku juu ya udongo.

Nguchiro alipoona hivyo, alilia. Safari hii hakuyazuia.

"Hodi kwa Kiboko!" akabisha Nyani mara ya tatu, na sauti yake sasa ilikuwa ya kumalizia.

Kimya.

Nyani akawageukia wenzake. "Tumebisha mara tatu. Hapa hakuna mwenyeji. Twendeni zetu." Timu ya Majabali ikageuka, mkia nyuma ya mkia, ikaondoka. Refa Korongo akafutika kipenga chake chini ya bawa.

Tembo akainuka. "Kiboko, umetutoa kwetu kote huko kutuleta kwenye nyumba isiyo na mtu?" Naye akaondoka, na Kifaru, na Nyati.

Hapo Kiboko akapasuka. "Jina ni langu! Nimelinunua! Paa langu, nyavu zangu, jezi zangu, jina langu!"

Ndipo sauti ikatoka kule ukingoni, ile tarumbeta.

"Jina umelinunua, Mzee. Kuitika hatukuuza!"

Na bonde lililokuwa kimya likalipuka. Wakapiga vigelegele, wakapiga kwato, wakarusha vumbi mpaka paa likaonekana kahawia.

"Basi nirudishieni vyangu!" akanguruma Kiboko, akitegemea wataogopa.

"Beba!" wakasema wote.

Wakakusanya viatu. Wakavua jezi, wakazikunja. Wakafungua nyavu, wakazikunja. Wakang'oa paa, nguzo kwa nguzo, na kwa kuwa Kiboko alikuwa peke yake, wakamsaidia kubeba. Wakamsindikiza mpaka mtoni kwa heshima zote, na Nungunungu akitembea nyuma yake karibu sana, ili mzee asichelewe.

Kiboko akajenga uwanja wake mwenyewe ukingoni mwa mto. Una paa, una nyavu, una ubao. Watu hawana habari nao. Kila jioni anasimama mlangoni anajibishia hodi, kisha anaingia ndani anajiitikia karibu. Mpaka leo ukipita mtoni utamsikia anahema na kuguna majini. Bado yuko kwenye hodi.

Haya, na mechi? Mechi ilichezwa. Timu ya Majabali ilirudi, na siku hiyo mvua ilinyesha kana kwamba imetumwa na Kiboko. Hakuna paa, hakuna nyavu, hakuna jezi. Nyani akasimama kwenye mstari, maji yanamchuruzika puani.

"Hodi kwa Mhanga!"

Nguchiro alikuwa mahali pake. Akavuta pumzi yote aliyoikusanya siku zile, akaiachia, na bonde zima likaja nyuma yake.

"Karibuni, ingieni!"

"Tumekuja na mpira!"

"Wekeni chini tuuone!"

Wakaweka, wakacheza. Mngependa niwaambie Timu ya Vumbi ilishinda, sivyo? Haikushinda. Digidigi alicheza kufa na kupona na kwato yake iliyopasuka, akagonga mwamba, akakosa. Mwishoni Nyani akafunga bao moja, na kwa kuwa wavu haukuwapo, mpira ukapitiliza hadi vichakani, na wenyeji wenyewe ndio waliokwenda kuutafuta. Walifungwa nyumbani kwao, kwenye matope.

Kipenga kilipolia hakuna aliyeondoka. Walisimama pale pale mvuani, wanaimba.

Ngiri alikuwa amekaa juu ya jiwe, analowa, masharubu yamelala. Alikuwa ameomba msamaha asubuhi, wakamsamehe, wakamwachia uenyekiti kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Akamwita Nguchiro.

"Dada Nguchiro, tumelowa."

"Tumelowa, Mwenyekiti."

"Na tumefungwa."

"Tumefungwa."

"Ule mpango wangu… tungekuwa na paa."

"Tungekuwa na paa," akasema Nguchiro, "tungefungwa tukiwa wakavu, Mwenyekiti. Kwa Kiboko."

Ngiri akafikiri. Akaangalia uwanja ule, matope matupu, bila kichuguu hata kimoja. Akajipangusa maji usoni, akacheka mpaka meno yake yote yaliyopinda yakaonekana.

"Haya," akasema. "Jumamosi tunacheza na nani?"

Na fundisho lake ni hili, lisikieni nyote, na wenyeviti mkiwamo: anayekupa kitu na akuachie jina lako. Akikitoa kwa mkono mmoja na kulidai jina kwa mkono wa pili, mrudishie kitu chake, msaidie na kubeba, hata kama mvua inanyesha.

Kipenga cha mwisho kimelia. Aliyeipenda hadithi aende nayo kwao. Asiyeipenda aiache hapo mlangoni, nitaiokota mwenyewe nikipita.